Serikali Inapoitaka Ardhi Yako: Majibu kwa Wasomaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Barua zilizofika mezani pangu mwezi huu, kuanzia Salgaa hadi Luanda, zinalia kilio kimoja: mradi wa umma umefika, wapimaji wamepita na rangi yao nyekundu, na mwenye shamba hajui aanzie wapi. Nimechagua sita. Majina tumeyaficha, na kila mahali ambapo mwandishi alitaja ofisi fulani au afisa fulani nimeliondoa jina hilo, kwa sababu nimesikia upande mmoja tu.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mimi ni mzee wa miaka 67, mkazi wa Salgaa, Kaunti ya Nakuru. Nina ploti ya robo tatu ya ekari kando ya barabara kuu, yenye duka na vyumba 8 vya kupangisha, na hati miliki imeandikwa jina langu tangu 1989. Wapimaji wameweka alama ukutani na kuniambia kwamba sehemu ya mbele, pamoja na duka na vyumba 3, itachukuliwa ili barabara ipanuliwe. Chifu ametutangazia kwamba kutakuwa na kikao cha Tume ya Taifa ya Ardhi baada ya wiki tatu. Kijana wangu ananishauri tujenge vyumba vingine haraka ili fidia iongezeke. Jirani yangu anasema tusiende kikaoni kabisa, kwani asiyehudhuria hawezi kunyang'anywa. Nifuate la nani?

JIBU: Mzee wangu, usifuate la yeyote kati ya hao wawili, na la jirani ndilo la hatari zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba Tume ya Taifa ya Ardhi ikishatoa uamuzi wake baada ya kikao, uamuzi huo ndio ushahidi wa mwisho kuhusu ukubwa wa ardhi, thamani yake na fidia inayostahili kulipwa, wenye maslahi wawe walihudhuria au hawakuhudhuria. Kwa hiyo asiyekwenda huamuliwa akiwa nyumbani kwake. Kukataa kuzipokea fedha nako hakusimamishi kazi, kwa kuwa Tume inaruhusiwa kuziweka kwenye akaunti maalumu ya fidia na mradi ukaendelea.

Sasa tuzungumze kuhusu kikao chenyewe, maana hiyo ndiyo meza pekee utakayoketi na watu wanaoiandika bei ya ploti yako. Kabla ya kikao, Tume hutangaza kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba inakusudia kuitwaa ardhi fulani, ikitaja namba za vipande na ukubwa unaotakiwa. Kikao cha kusikiliza madai hakiwezi kufanyika kabla ya siku 30 kupita tangu tangazo hilo, na tarehe yake ni lazima itangazwe angalau siku 15 kabla. Neno la chifu ni la msaada, lakini si tangazo la kisheria. Itafute nakala ya Gazeti, usome namba ya kipande chako na ukubwa uliotajwa, ulinganishe na hati yako pamoja na ramani ya usajili. Nimewahi kuona namba iliyokosewa tarakimu moja ikamfanya mtu aitwe kudai ardhi ya mwenzake.

Dai lako ni lazima liwe la maandishi, na ni lazima liifikie Tume kabla ya kikao au siku yenyewe ya kikao. Hapa ndipo wazee wengi hupoteza. Wao huja kikaoni kusimulia, nao husimulia vizuri sana, kuanzia mwaka waliouziwa shamba hadi mti uliopandwa na marehemu mama yao, kisha huondoka bila kuacha karatasi hata moja mezani. Anayekokotoa baadaye hukokotoa kilichoandikwa.

Andika nini? Anza na thamani ya soko ya sehemu inayochukuliwa, kama ilivyokuwa siku tangazo la kusudio lilipochapishwa. Ukiweza, mtafute mthamini aliyesajiliwa akuandikie ripoti yenye bei za ploti zilizouzwa karibu na wewe. Ripoti ya namna hiyo ina uzito kuliko kusema kwamba jirani aliuza kwa milioni kadhaa. Kisha taja majengo yote, yaani duka, vyumba, choo, tangi la maji na ukuta, huku ukiambatisha picha zenye tarehe. Baada ya hapo eleza hasara itakayoipata sehemu inayobaki, jambo ambalo watu husahau mno. Ikiwa vyumba 5 vitakavyosalia havitakuwa tena na lango la kuingilia, au shimo la choo limo katika sehemu inayochukuliwa, kile kilichobaki kimepungua thamani, na Kanuni za mwaka 2017 za kukadiria fidia zinataka madhara hayo ya kukatwakatwa kwa ardhi yazingatiwe. Gharama za kuhamisha makazi au biashara nazo huhesabiwa, pamoja na faida unayoipoteza kati ya siku ya tangazo na siku ardhi inapochukuliwa. Wapangaji wako wakianza kuhama kwa hofu ya tingatinga, kodi hiyo iliyopotea ni sehemu ya dai. Chapisha taarifa za M-Pesa za kodi ya mwaka mzima uliopita, kwani ushahidi huo ni mgumu kuupinga.

Juu ya hayo yote, Kanuni zinaagiza kwamba asilimia 15 ya thamani ya soko iongezwe kwa ajili ya usumbufu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sehemu yako imethaminiwa shilingi 2,000,000; nyongeza ya usumbufu itakuwa shilingi 300,000. Uamuzi ukija, itafute nyongeza hiyo kwa macho yako mwenyewe. Isipoonekana, uliza kwa maandishi.

Kuhusu ushauri wa kijana wako, nakusihi umzuie. Thamani iliyoongezwa na jengo lililojengwa ndani ya miaka 2 kabla ya tangazo haihesabiwi, isipokuwa mwenyewe athibitishe kwamba alijenga kwa nia njema na si kwa kutazamia fidia. Kilichojengwa baada ya tangazo ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kitaitia shaka hata orodha ya yale mliyojenga kwa halali zamani. Fedha za matofali hayo zitamfaa mthamini.

Sheria pia inairuhusu Tume kukubaliana na mwenye ardhi apewe ardhi nyingine badala ya fedha, mradi thamani yake isizidi fidia. Ukitaka njia hiyo, sema mapema na useme kwa maandishi. Uamuzi ukitoka na ukaona umepunjwa, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa Jopo la Utwaaji wa Ardhi, lililoanzishwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, ndani ya siku 30, na jopo hilo linatakiwa kuamua katika muda wa siku 60. Ndiyo sababu ninakuhimiza uandike tarehe uliyopokea barua ya uamuzi juu ya bahasha yenyewe, tena mbele ya shahidi.

SWALI: Mimi ni mjane kutoka upande wa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Mume wangu alifariki 2011. Shamba tunaloishi bado limeandikwa jina la baba mkwe, aliyefariki 1994, na mama mkwe naye hayupo tena. Walikuwa wana wanne na mabinti wawili. Mradi wa umma unapita katikati ya dala yetu, yaani boma letu, na nimesikia kwamba shemeji yangu mkubwa ndiye aliyejiandikisha peke yake kuwa mwenye fidia. Tena makaburi matatu, likiwemo la mume wangu, yako ndani ya sehemu iliyopimwa. Sijui kama nina haki ya kusema chochote.

JIBU: Pole sana, mama. Haki unayo, na sheria imekutaja bila kukutaja jina. Katika utwaaji wa ardhi kwa lazima, wenye maslahi si wale tu walioandikwa kwenye daftari la usajili. Ni pamoja na wake au waume wao, na yeyote anayeishi hasa juu ya ardhi hiyo pamoja na mwenzi wake. Wewe unaishi hapo. Nenda kikaoni, jiandikishe, na upeleke dai lako la maandishi ukieleza nyumba yako, mimea yako na miaka uliyokaa.

Jambo la pili lina haraka zaidi. Andika barua kwa Tume, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, ukieleza kwamba mwenye hati ni marehemu, kwamba mirathi yake haijafunguliwa, kwamba warithi ni zaidi ya mmoja, na kwamba unapinga malipo kufanywa kwa mtu mmoja. Pakiwa na mgogoro kuhusu nani apokee na kwa mafungu gani, au pasipokuwa na mtu mwenye uwezo wa kisheria wa kupokea, fedha hazipaswi kukabidhiwa yeyote. Huwekwa kwenye akaunti maalumu hadi mambo yatakapokaa sawa. Barua moja ya ukurasa mmoja, iliyopelekwa kwa wakati, ndiyo tofauti kati ya fedha zinazowasubiri mahali salama na fedha zilizokwisha kugeuka pikipiki.

Kisha fungueni mirathi. Anzeni kwa chifu, aandike barua inayowataja warithi wote wa baba mkwe, na hapo uwe macho, maana barua hizi mara nyingi huwaruka mabinti walioolewa. Hao mawifi zako wawili ni warithi sawa na ndugu zao wa kiume. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo waziwazi katika kesi ya Rono ya mwaka 2005, hata kabla ya Katiba ya sasa. Sehemu ya mume wako haikufa naye: kwa kuwa alifariki baada ya baba yake, fungu lake ni mali yake mwenyewe, nalo huenda kwa warithi wake, wewe ukiwa mmoja wao. Ombi likishapelekwa mahakamani hutangazwa katika Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida uthibitisho wa mgawanyo huja baada ya miezi 6. Ikiwa mradi hauwezi kusubiri hivyo, wakili anaweza kuomba idhini ya muda, yenye mipaka, ya kukusanya na kulinda mali ya marehemu. Hakikisha tu kwamba idhini hiyo inasema kulinda, na si kugawa.

Shemeji yako naye aelezwe kwa upole, ikiwezekana mbele ya wazee wa ukoo kabla ya polisi, kwamba kuishika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, lenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo na ya zamani. Kifungo ndicho kinachowafanya watu wakae chini wazungumze.

Kuhusu makaburi, nakuandikia nikijua kwamba si suala la hesabu. Usiruhusu mtu yeyote, wa mradi au wa familia, afukue kabla ya kibali kutolewa na mamlaka husika, kwani kufukua mwili bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Afya ya Umma. Katika dai lenu, yaandikeni makaburi peke yake, kila moja kwa mstari wake, pamoja na gharama zote za kuyahamisha: jeneza jipya, usafiri, ujenzi wa kaburi, chakula cha watu watakaokuja, na mnyama ikiwa desturi yenu inamtaka. Fomu nyingi hazina nafasi ya mambo haya. Ambatisheni ukurasa wenu. Wathamini ninaowafahamu huyakubali kama gharama halisi yanapoandikwa kwa utaratibu, na huyapita yanaposemwa kwa mdomo tu. Na ikiwa dala yote inahama, mila za kuanzisha dala mpya nazo zina gharama zake. Ziandikeni bila aibu.

SWALI: Nina kibanda cha kuuza nguo za mitumba pale Luanda, Kaunti ya Vihiga, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Sina hati yoyote. Tumeambiwa tuondoke barabara ipanuliwe. Je, sisi hatulipwi kabisa?

JIBU: Ndugu yangu, kwa ardhi hulipwi, kwa kuwa hifadhi ya barabara ni ya umma na haijawahi kuwa yako. Lakini usikate tamaa kabla ya kuuliza mambo mawili. La kwanza, nani anaufadhili mradi? Benki ya Dunia, kwa miradi inayofuata masharti yake mapya yaliyoanza Oktoba 2018, inataka hata wasio na hati wafidiwe vibanda vyao na kusaidiwa kwa kipato kinachopotea, ilimradi walikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu watu. Siku ya kuhesabiwa, uwepo kibandani. Waliokwenda kununua marobota siku hiyo ndio huandika barua kama hizi. La pili, mmepewa notisi gani? Sheria inataka watu wanaoondolewa kwenye ardhi ya umma wapewe taarifa angalau miezi 3 kabla, kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi, katika gazeti linalosambazwa nchi nzima na redioni. Maneno ya kipaza sauti kwenye gari jioni ya Jumapili hayatoshi. Katiba nayo, katika kifungu cha 40, inatoa nafasi ya kuwafidia wakaaji wa nia njema wasio na hati wakati ardhi inapotwaliwa, ingawa kwa kibanda kilicho juu ya hifadhi ya barabara sitaki kukupa matumaini makubwa kwa kifungu hicho peke yake.

SWALI: Shamba langu la miwa liko upande wa Muhoroni. Lilitangazwa katika Gazeti Rasmi zaidi ya miaka 5 iliyopita kwamba litachukuliwa kwa mradi wa umma. Hadi leo hakuna aliyekuja kulichukua wala kunilipa. Benki imekataa kunipa mkopo kwa hati hiyo. Nimeogopa kupanda miwa mipya, nimeogopa kujenga. Je, shamba bado ni langu?

JIBU: Ni lako. Tangazo la kusudio halihamishi umiliki. Ardhi huwa ya serikali pale tu inapotwaliwa rasmi baada ya hatua zote, na hadi siku hiyo wewe ndiye mwenye shamba, mwenye mavuno na mwenye kulipa madeni ya shamba. Kilichoitia benki hofu ni kwamba tangazo likishatolewa, msajili wa ardhi huandika kwenye daftari kwamba ardhi hiyo inakusudiwa kutwaliwa, na kila anayefanya upekuzi huliona andiko hilo. Umefungwa mikono kwa mstari mmoja wa wino, na inauma zaidi kwa kuwa hakuna anayefaidika na kufungwa kwako.

Lima. Miwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu hadi kukomaa, na shamba lililolala miaka 5 limekwisha kupoteza mavuno kadhaa ambayo hakuna mtu atakayekulipa kwa urahisi. Mazao yaliyo shambani siku ardhi inapochukuliwa huhesabiwa. Weka risiti za mbegu, mbolea na vibarua, pamoja na hati za kiwanda za miwa uliyopeleka. Kujenga nyumba ya kudumu ni jambo jingine, na hilo ningelisubirisha hadi upate jibu la barua nitakayokuelekeza.

Barua hiyo ipeleke kwa Tume na kwa taasisi iliyoomba ardhi, ukiuliza mambo matatu: je, mradi bado unahitaji kipande hiki, je, fedha za fidia zimewekwa, na kikao kitafanyika lini. Sheria inaitaka taasisi inayotaka ardhi iziweke fedha za fidia kwa Tume kabla utwaaji haujafanywa, kwa hiyo swali la pili lina jibu la ndiyo au hapana. Iandike barua yako chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na ulitaje jina hilo la sheria katika mstari wa kwanza, kwa sababu linaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Barua isiyotaja sheria hiyo huenda ikakaa kwenye faili moja na kadi za mwaliko.

Ikiwa mradi umeachwa, omba tangazo lifutwe na andiko liondolewe kwenye daftari. Tume inaweza kuubatilisha utwaaji wakati wowote kabla ya ardhi kuchukuliwa, na inapofanya hivyo inatakiwa kukadiria na kulipa madhara yote uliyoyapata kwa sababu ya tangazo hilo. Mkopo uliokataliwa na msimu ulioachwa ni madhara ya namna hiyo, ukiwa na barua ya benki na hesabu za shamba. Wasipojibu, njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Kisumu ipo.

Nataka pia uifahamu hali iliyo kinyume cha yako, kwani wengine watasoma hapa. Ardhi ikishachukuliwa na fidia isilipwe, Katiba inasema malipo yawe ya haraka na kamili, na mabadiliko ya mwaka 2019 yalifafanua kwamba haraka ni muda usiozidi mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe. Fidia inayocheleweshwa huzaa riba kwa viwango vya benki kuanzia siku ya kuchukuliwa. Madeni ya fidia yamekuwa yakitajwa Bungeni kwa mabilioni ya shilingi, kwa hiyo usidhani kwamba uko peke yako, lakini pia usidhani kwamba yatakujia yenyewe. Anayedai riba kwa maandishi ndiye anayelipwa riba.

SWALI: Nyaya za umeme mkubwa zitapita juu ya shamba langu upande wa Kipkelion. Wanasema watalipa, lakini si bei ya ardhi yote. Je, wananiibia?

JIBU: Si lazima iwe wizi. Kwa njia ya nyaya, ardhi inabaki kuwa yako na hati inabaki jina lako; kinachochukuliwa ni baadhi ya matumizi, kwa sababu chini ya nyaya hutaruhusiwa kujenga wala kupanda miti mirefu, ingawa mahindi, viazi na malisho kwa kawaida huruhusiwa. Ndiyo maana hulipwa sehemu ya thamani ya ukanda huo. Ila miti, mimea na majengo yanayoharibiwa wakati wa ujenzi hulipwa kwa thamani yake, mbali na malipo ya ukanda, na nguzo ikisimama ndani ya shamba lako, mahali pake hasa hapafai kuhesabiwa kama ukanda wa kupita hewani. Ihesabu miti yako kabla msumeno haujafika, kwa aina na kwa umri, na aliye upande wa pili aitie sahihi orodha hiyo. Kisiki hakitoi ushahidi wa urefu wa mti.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Njoro. Tulinunua shamba kupitia kampuni ya kununua mashamba, na ninacho cheti cha hisa na kadi ya kura ya kugawiwa vipande tu, hati haijatoka. Kuna bwana anayesema kwamba kwa asilimia 20 ya fidia atahakikisha jina langu linaingia. Tena ameniambia kwamba siku ya kikao ni lazima nisaini papo hapo. Nifanyeje?

JIBU: Cheti cha hisa si hati miliki. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises ya mwaka 2023, ilisema kwamba hata barua ya kugawiwa ardhi haimpi mtu umiliki kabla hatua za usajili hazijakamilika, na katika kesi ya Dina Management ya mwaka huohuo iliongeza kwamba hata hati yenyewe hailindwi ikiwa mzizi wake ulikuwa mbovu. Hata hivyo wewe unaishi kwenye ardhi hiyo, kwa hiyo ni mwenye maslahi kama yule mama wa Ahero, na jina lako linaingia kwa wewe kufika kikaoni na kitambulisho, cheti cha hisa, kadi ya kura, risiti za kampuni, na barua ya viongozi wa kampuni inayolinganisha namba ya kura yako na namba ya kipande kilichotangazwa. Hatua hiyo ya mwisho ifanye sasa, kwa sababu viongozi wengi wa kampuni hizi ni wazee sana, na madaftari yako kwenye masanduku ya vyumba vyao vya kulala.

Bwana huyo wa asilimia 20 hauzi kitu ambacho huna. Ukihitaji msaada, mlipe wakili au mthamini aliyesajiliwa kwa kazi inayojulikana na risiti inayoonekana, wala usimpe mtu nakala ya kitambulisho pamoja na namba yako ya siri ya benki kwa kisingizio cha kuharakisha. Na hapana, hulazimiki kusaini papo hapo kukubali kiasi chochote. Sahihi ya mahudhurio ni sawa, isome tu kwanza ujue kwamba ni ya mahudhurio. Karatasi ya kukubali fidia iombe nakala, uende nayo nyumbani, uisome na mkeo, maana naye sheria inamhesabu kuwa mwenye maslahi, na sahihi yako peke yako inaweza kurudishwa kwa sababu yake haipo.